Hongera, mawakala wa Kihesa

“Shikamoo mama. Bonyeza nyota, mia na hamsini…” Wakala wa M-Pesa pale Kihesa, Iringa, hachukui kitochi cha mteja. Anamwongoza hatua kwa hatua, na ikifika namba ya siri anageuza uso pembeni. Heshima hiyo naipongeza kwa moyo wote.

M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilidhaniwa shida ni kurejesha mikopo. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na huduma ya 2007 ikajengwa juu ya hitaji hilo. Tanzania ikafuata 2008. Funzo ni kuanza na watumiaji, kwa hiyo wanaobuni menyu za huduma hizi wakae kwanza na mawakala hawa. Wao wanajua wateja wanakwama wapi, na kwa nini jina la mpokeaji lionekane kabla ya kuthibitisha: tarakimu moja ikikosewa, ada ya mtoto imekwenda kwa mgeni.