Akiba Haiozi: Pongezi kwa Waliofufua Dawa ya Malale

Zamani, mgonjwa ambaye malale yamemfika ubongoni alikuwa kati ya moto na moto: afe kwa ugonjwa, au adungwe melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyounguza mishipa na kuua takriban wagonjwa 5 katika kila 100. Soko halikuona faida kwa mkulima maskini wa Kongo.

DNDi iliona mtu. Taasisi hii isiyotafuta faida ilianzishwa mwaka 2003, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikiwa miongoni mwa waasisi. Haikuanza na kiwanda. Ilipekua molekuli zilizosahauliwa, ikaikuta feksinidazoli, iliyowekwa kando tangu miaka ya 1980. Pamoja na kampuni ya Sanofi na madaktari wa Kongo, iliijaribu katika hospitali za vijijini, mbali na lami na umeme wa uhakika. Mwaka 2018 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakaipa baraka: vidonge vya siku 10, vinavyomezwa baada ya chakula.

Mbung'o wanaoeneza malale bado wapo. Lakini wahenga walisema akiba haiozi. Tuwapongeze hawa waliokumbuka kufungua ghala.