Amri Kumi na Kalamu ya Wakili

Michezo mingi ya televisheni yenye mafundisho ya dini huanza na fundisho, kisha hutafuta watu wa kulisema. Mlevi anaanguka, mchungaji anamwombea, kwaya inaimba. Mtazamaji anaujua mwisho tangu mwanzo, naye anaondoka akimfikiria jirani yake, wala hajifikirii mwenyewe.

Tuutazame mfano mwingine. Krzysztof Piesiewicz wa Poland alikuwa wakili kabla ya kuwa mwandishi. Baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa nchini mwake Desemba 1981, aliwatetea walioshtakiwa kwa sababu za kisiasa, na kesi hizo zikamkutanisha na mwongozaji Krzysztof Kieślowski. Ni wakili huyo aliyependekeza Amri Kumi ziandikiwe filamu. Wakaandika pamoja Dekalog, sehemu kumi za takriban saa moja kila moja, kwa ajili ya televisheni. Wahusika wake wengi wanaishi katika mtaa mmoja wa maghorofa jijini Warsaw.

Ustadi wao unaonekana zaidi katika sehemu ya tano, inayohusu amri ya kutoua. Kijana anamuua dereva wa teksi. Mwandishi mwepesi angemfanya dereva kuwa mtu mwema na muuaji kuwa shetani. Hawa hawakufanya hivyo. Dereva ni mtu wa kuudhi, anayewakimbia abiria na kufurahia kutisha mbwa kwa honi. Kuhusu kijana, tunaelezwa mwishoni kabisa, muda mfupi kabla ya kunyongwa, jinsi mdogo wake wa kike alivyokufa kwa kugongwa na trekta. Kisha serikali nayo inaua, na kamera haituonei huruma katika kifo hiki wala kile. Hapo tunaelewa kwamba amri haisimami kwa sababu aliyeuawa alikuwa mwema. Inasimama kwa sababu uhai si mali yetu.

Wapo watakaolalamika kwamba filamu hizi hazihubiri, na lalamiko hilo lina uzito. Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari za mwanakondoo wa maskini, lakini hakuishia kwenye hadithi. Alimwonyesha mfalme kwamba mwenye hatia ni yeye. Dekalog inaishia pale kwenye mwanakondoo. Hata hivyo, tunaona kwamba kazi iliyobaki ni ya Kanisa: kukaa na aliyetikiswa na hadithi, na kumsaidia kujitambua.

Basi kijana wa usharika wetu anaposema anataka kuandikia televisheni, tusiharakishe kumpa mahubiri ayagawe kwa wahusika. Tumuulize amekaa wapi na watu. Piesiewicz aliwajua watu kortini. Mwingine atawajua wodini, sokoni, au msibani. Anayempenda jirani kiasi cha kumsikiliza hadi mwisho ameshaanza kazi hiyo, na tuihesabu kuwa utumishi.