Rutuba ya Kihamba Hupanda Mlima

Kila anayeandika juu ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga wa Kilimanjaro, huanza na ghorofa zake, na ana haki. Juu kabisa husimama miringaringa, miruka na migrevilea, mingine ikipita mita 20. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mimea ya dawa. Watafiti O'kting'ati, Maghembe, Fernandes na mwenzao walipochapisha utafiti wao juu ya bustani hizi mwaka 1984, walihesabu aina 111 za mimea katika vihamba ambavyo wastani wa ukubwa wake haukufika hata hekta moja.

Ghorofa hizo zinaeleza jinsi mwanga unavyogawiwa. Hazielezi jambo ninaloliona kubwa zaidi. Ardhi ile ya mteremko, inayopigwa na mvua kubwa, imelimwa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa hata msimu mmoja, na bado ikazaa. Rutuba ilitoka wapi?

Anayetaka jibu aangalie kazi za masika, na aziangalie kwenye mashamba mawili kwa pamoja. Katika nchi za baridi mkulima husubiri udongo upate joto ndipo apande. Kilimanjaro husubiri maji, na maji mengi huja kati ya Machi na Mei. Familia ya Kichaga kwa desturi ilikuwa na kihamba chake juu, kwenye ukanda wa mita 1,000 hadi 1,800 hivi, na kipande kingine cha shamba kule tambarare, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mvua zikianza, mahindi na maharage hupandwa kule chini. Maharage huiva baada ya miezi mitatu hivi, mahindi hufuata Julai na Agosti.

Watu huhesabu magunia ya mahindi. Mimi nahesabu mabua. Mavuno yakishatoka, mabua na maganda ya maharage hufungwa mizigo na kupandishwa mlimani, pamoja na majani yaliyokatwa porini, mengi yakiwa juu ya vichwa vya wanawake. Juu kule ng'ombe hatoki zizini. Hulishwa papo hapo mabua, majani na mashina ya migomba yaliyokatwakatwa. Samadi yake hutupwa kwenye migomba na mibuni. Kwa njia hiyo, virutubisho vilivyonyonywa na mahindi ya tambarare huishia kwenye mkungu wa ndizi za mchare ulio mita mia kadhaa juu yake. Kihamba hakikuwa kinajilisha chenyewe. Kililishwa na tambarare, na ng'ombe ndiye aliyekuwa mlango wa kuingizia chakula hicho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokisifia kihamba kama mfumo uliofungwa, unaojizungusha wenyewe kama msitu. Msitu hauuzi ndizi. Mfumo unaouza lazima upokee kitu kutoka nje, na uzuri wa hesabu ya wazee wa mlimani ni kwamba kilichotoka kilikuwa kidogo na kilichoingia kilikuwa kingi.

Tazama kahawa. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mlimani mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1933 wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Buni iliyoiva ilikobolewa nyumbani kwa mashine ya mkono, maganda yakarudi shambani, ikaoshwa, ikaanikwa, na kilichokwenda sokoni kilikuwa mbegu kavu pekee. Mibuni iliyo chini ya kivuli cha migomba haizai sana, kwa hiyo magunia yalikuwa machache na udongo ulipoteza kidogo. Shilingi zilikuja nyingi kwa uzito mdogo wa virutubisho. Kwa mteremko ule, sioni zao la biashara ambalo lingefaa zaidi.

Ndizi ni habari nyingine. Mgomba hula potasiamu kuliko mazao mengi, na tani moja ya ndizi mbichi huondoka na kilo nne hadi sita za madini hayo. Ndizi ikiliwa nyumbani, maganda humrudia ng'ombe au mbuzi na hakuna kilichopotea. Ikipakiwa kwenye lori la Dar es Salaam, potasiamu yake hairudi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na kaya nyingi zikaacha kuihudumia mibuni zikaelemea ndizi za kuuza. Wengi waliyaona mabadiliko hayo kama suala la kipato tu. Udongo uliyaona pia, maana kilichokuwa kikitoka kwa kilo sasa kilitoka kwa tani.

Ustadi mwingine wa masika uko kwenye shina la mgomba, na hapa inafaa kusogea karibu. Shina moja huachiwa vizazi vitatu tu: mama aliyebeba mkungu, binti anayekua, na mjukuu anayechungulia ardhini. Machipukizi mengine yote hung'olewa. Anayebakizwa hachaguliwi kwa ukubwa. Chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka kama upanga limeshikamana vizuri na tunguu la mama na litakuwa na nguvu. Lile lenye majani mapana mapema hupendeza macho, lakini mshiko wake ni dhaifu na mkungu wake huwa mdogo. Mkulima makini huangalia pia upande. Mabinti wa mashina yote wakiachwa upande uleule, shamba zima husogea pamoja mwaka hadi mwaka na nafasi kati ya migomba haivurugiki. Asiyejali upande hujikuta baada ya miaka kadhaa na migomba iliyobanana huku na uwazi usio na kitu kule.

Shimo la mgomba mpya huchimbwa kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande au zaidi, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, kisha wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na kutangulizwa. Chipukizi humenywa mizizi na sehemu zilizotobolewa na fukusi, na anayeweza hulitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi kwa dakika 20 ili kuua mayai ya fukusi na minyoo fundo. Ni kazi ya jioni moja, na ninashangaa bado wapo wanaobeba chipukizi kutoka kwa jirani na kulipanda pamoja na wadudu wake.

Matawi ya miti ya juu nayo hupunguzwa kabla maharage hayajapandwa kwenye nafasi zilizo kati ya migomba, la sivyo maharage hutoa majani bila maganda. Mruka ni mti wa jamii ya mikunde, majani yake ni madogo na kivuli chake chepesi, na huongeza naitrojeni ardhini. Matawi yaliyokatwa hugawanywa: majani kwa mbuzi, vijiti kwa jiko.

Juu ya maji ya mifongo, mifereji ya jadi ya mlimani, yameandikwa mengi, nami nitaongeza moja tu. Mifereji ile iliruhusu ulezi wa pombe ya mbege na mboga kumwagiliwa wakati wa kiangazi, hivyo zizi na kaya hazikutegemea masika peke yake.

Mwaka 2011 FAO ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu wa kidunia. Heshima hiyo ni halali. Lakini ulinzi wa kihamba ukiishia kwenye miti na mifereji, utakuwa umeacha nje nusu ya mtambo. Vihamba vimegawanywa kwa watoto hadi vingine vimebaki uwanja wa nyumba na migomba michache. Vijana wa kubeba majani wako mjini. Sehemu ya tambarare imekuwa makazi, na majani ya ng'ombe sasa hupandishwa kwa pikipiki na magari, yakinunuliwa kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo hesabu ya kihamba cha leo inapaswa kuanzia zizini. Mwenye robo ekari na ng'ombe mmoja wa maziwa ajue kwanza majani yatatoka wapi mwezi wa Septemba, kabla ya kuamua ataongeza mashina mangapi ya migomba mwezi wa Machi. Anayeuza ndizi kwa lori atenge sehemu ya bei ya kila mkungu kwa ajili ya mzigo wa majani au gunia la samadi, kama anavyotenga nauli. Na mabwana shamba wanapopita kupima mavuno ya migomba, wapime pia kilichoingia getini.