Mizani ya Pikipiki Njema katika Nchi ya Tarime na Serengeti

Mtu aingiaye Tarime kwa nia ya kununua pikipiki hupokewa kila upande na swali moja, ni ya Mhindi au ya Mchina, na akifika Sirari, mpakani na Kenya, huongezewa la pili, ni ya huku au ya ng'ambo ya mpaka. Kisha wajuzi wa vijiweni hutoa hukumu zao kwa kulisoma jina lililoandikwa tankini, bila hata mmoja wao kuinama akatazama kilichomo chini ya tanki. Desturi hii imewatia wengi hasarani, kwa sababu nchi alikotoka mtengenezaji ni habari ya asili tu, wala asili haijawa ithibati ya ubora. Rai yangu ni kwamba ubora wa pikipiki umo ndani ya chuma chake na ndani ya mikono iliyoifunga, na kwamba yote mawili yaweza kuchunguzwa na mtu mwenye macho, masikio na subira, hata kama hajawahi kumiliki spana.

Mashindano baina ya cha nyumbani na cha nje hayakuanzia kwetu. Huko Marekani, kampuni ya Harley-Davidson, iliyoasisiwa Milwaukee mwaka 1903 na kusifika kwa pikipiki kubwa za kusafiria kwa raha, zenye kiti cha chini na usukani mpana, ilizidiwa na Wajapani hata ikaiomba serikali himaya. Naye Rais Ronald Reagan, mwaka 1983, akapandisha ushuru wa pikipiki za nje zenye injini inayozidi cc 700 kutoka asilimia 4.4 hadi asilimia 49.4, ukusudiwe kushuka daraja kwa daraja kwa muda wa miaka mitano. Lakini wakati huo Kawasaki ilikwisha kuwa na kiwanda chake Nebraska, na Honda chake Ohio, kwa hiyo baadhi ya zile zilizoitwa za kigeni zilikuwa zikifungwa na mikono ya Wamarekani wenyewe. Wala Harley-Davidson haikunusurika kwa ushuru peke yake, bali kwa kujifunza nidhamu ya kiwandani kutoka kwa hao hao iliokuwa ikishindana nao, hata mwaka 1987 ikaomba himaya iondolewe kabla ya muda wake kutimia. Aliyenunua siku zile kwa kuangalia bendera alinunua jina. Aliyenunua kwa kuangalia kazi alijua alichokipata.

Kwetu mambo yamechanganyika zaidi. Bajaj na TVS hutoka India. SanLG, Haojue, Fekon na jamaa zao hutoka China. Na pale Sirari utaona pikipiki yenye namba inayoanza kwa MC, ambayo ni ya Tanzania, imesimama ubavuni mwa ile inayoanza kwa KM, ambayo ni ya Kenya, na huenda zote mbili ni za aina moja, tofauti yao ikiwa ni bandari zilimopitia na mafundi waliozifunga. Wakenya wamekwenda mbele kidogo katika ufungaji, na Honda yenyewe ilianza kufunga pikipiki Nairobi mwaka 2013. Ama pikipiki ya nyumbani kwa maana kamili, ambayo chuma chake kimeyeyushwa na injini yake kuchongwa katika nchi hizi, bado hatunayo. Kilicho cha nyumbani ni ufungaji na nyongeza, nami nitayarudia yote mawili kwa kuwa yana uzito zaidi kuliko yanavyodhaniwa.

Kabla ya kuigusa pikipiki yenyewe, mnunuzi aikumbuke nchi itakamotumika. Mji wa Tarime uko juu ya bahari kwa takriban mita 1,500, na katika hewa nyepesi ya kimo hicho injini ndogo isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja katika saba ya nguvu iliyoandikwa katika kitabu chake. Kisha hutakiwa ipande na abiria wawili na mkungu wa ndizi. Ukiteremka kuelekea Nyamongo na bonde la Mto Mara, breki hufanya kazi iliyokuwa ya injini. Ukiisha kuvuka na kushika njia za Mugumu, Nata, Issenye na Robanda, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi jembamba lipenyalo kila mahali, na wakati wa masika ni tope lijazalo nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kwanza, chepesi kuliko vyote, ni kuingiza vidole kati ya tairi la mbele na madigadi: visipopita kwa nafasi, pikipiki hiyo ni ya lami, hata ikiwa imetengenezwa na malaika. Zile ndefu za chini, za kusafiria kwa raha, hushindwa mtihani huu mara moja. Nazipenda kwa macho, lakini makao yao ni barabara ya lami itokayo Sirari kupita Tarime hadi daraja la Kirumi na kuendelea.

Tuje kwenye injini, ambako maneno mengi ya vijiweni hupotoka. Pikipiki nyingi za Kichina zipandazo milima ya Tarime zina injini yenye nasaba ya heshima, nasaba wasiyoijua wanaozidharau: asili yake ni Honda CG125, iliyotolewa na Wajapani katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupitishwa njia mbovu, na oili yake husahauliwa. Wahandisi wa Honda waliacha kwa makusudi mtindo wao wa kuweka kemshafti juu katika hedi na kuizungusha kwa cheni, wakaiteremsha chini izungushwe kwa gia za meno, na kutoka huko isukume valvu kwa fimbo mbili ndefu. Kwa mtu apendaye mambo mapya ilikuwa ni kurudi nyuma. Kwa fundi wa kijijini ilikuwa rehema, maana ile cheni ya ndani ambayo hulegea na kugonga kuta za injini haimo tena, na hedi yaweza kufunguliwa chini ya mwembe bila kuvuruga majira ya valvu. Huo ni usanifu wa watu waliofikiri kwa bidii juu ya mtu maskini, nami nauheshimu kuliko mashine nyingi za kifahari.

Viwanda vingi vya China viliufuata usanifu huo, kila kimoja kwa chuma chake, na hapo ndipo jicho la mnunuzi linapohitajika. Yatazame mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayoipoza injini: katika kazi njema yamelingana unene, kingo zake ni safi, na ukipitisha kidole husikii chembe wala kovu la kalibu, katika kazi mbaya mengine ni mazito na mengine yamemeguka tangu kiwandani. Tazama vichwa vya skrubu za kifuniko cha klachi, kwa kuwa kiwanda kilichoweka skrubu laini ambazo bisibisi imekwisha kuzitafuna kabla ya kuuzwa hakikuwa na sababu ya kuweka chuma kigumu ndani, mahali usipoona. Na ujue kwamba injini za nasaba hii hazina filta ya karatasi ya oili. Huisafisha kwa wavu na kwa chombo kizungukacho, kwa hiyo vumbi la Serengeti likiingia na oili isipobadilishwa mapema, hata chuma chema kitalika.

Wahindi walishika njia nyingine. Bajaj ilishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, na TVS ilikuwa na Suzuki mpaka mwaka 2001, na kila mmoja alibaki na mtindo wa kemshafti ya juu, ambao kwa injini ndogo huleta wepesi wa kuzunguka na uangalifu katika petroli. Boxer ya Bajaj iendayo kutwa nzima kati ya Tarime na Sirari huthibitisha jambo hilo kila jioni, mwenye nayo ahesabupo kilichobaki mfukoni baada ya mafuta. Lakini ina haki zake: cheni yake ya ndani inataka oili safi, na anayenunua iliyokwisha kutumika aisikilize upande wa cheni hiyo ikiwa baridi, maana mlio wa kukwaruza unaopungua injini ikipata moto ni dalili kwamba kikaza-cheni kimechoka.

Sasa fremu, ambayo wengi huisahau kabisa. Mwombe muuzaji aondoe kiti, uangalie kule ambako rangi haikupakwa kwa ajili ya kupendeza. Mshono mwema wa kuchomelea huonyesha mistari midogo iliyolala sambamba kama magamba ya samaki, upana wake ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na pande zake zimeshikana na bomba bila kulichimba. Mshono mbaya una mafundo, una matone yaliyoruka pembeni, au umekatika njiani ukaunganishwa upya. Tazama kwa makini zaidi shingo ya fremu, mahali shokapu za nyuma zinaposhikia, na mzizi wa ile mikono ishikayo gurudumu la nyuma, kwa kuwa gunia la mahindi juu ya mashimo ya njia ya Nyamwaga hupiga sehemu hizo tatu bila huruma. Kisha simama nyuma ya pikipiki, hatua kadhaa, uone kama magurudumu mawili yamekaa mstari mmoja. Nimeona mpya zilizopinda.

Shokapu zikandamize kwa uzito wa mwili: njema hurudi polepole kwa kuwa oili inazizuia, na mbaya hurukaruka. Waya za ringi zigonge moja moja kwa spana. Zikitoa mlio wa kulingana zimekazwa na mtu mwenye sikio. Kuhusu taa, indiketa na honi sina maneno mengi: huharibika zote, na zote spea zake ziko Tarime mjini.

Cheni inastahili zaidi. Nyingi zimegongwa namba 428, na yenye herufi H baada ya namba hiyo ina mabamba mazito. Kwa bei ndogo ya ziada, katika nchi ya milima na vumbi, hiyo ndiyo ya kutafuta. Katika iliyotumika, ishike cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea kwako: ikiachana na jino hata nusu ya jino ionekane, cheni na sproketi zote zimekwisha, na bei ishuke. Hapa siwezi kuacha kuitaja Yamaha AG100, iliyotumiwa na mabwana shamba na mabwana mifugo kwa miaka mingi, ambayo cheni yake yote ilifunikwa ndani ya sanduku la chuma lisilopitisha tope. Ni huzuni kwamba leo, katika pikipiki zinazofanya kazi nzito kuliko zile, kifuniko hicho kimepunguzwa kikawa kipande cha bati kilicho juu tu.

Nimeahidi kurudi kwenye ufungaji. Pikipiki nyingi huja katika kreti, gurudumu la mbele, usukani na betri vikiwa mbali, na fundi wa duka huzifunga kwa haraka kwa kuwa hulipwa kwa idadi. Makosa mengi yanayosingiziwa China au India yamezaliwa hapo: beringi za shingo zilizokazwa hata usukani ukawa mzito, ekseli isiyonyooshwa, breki ya nyuma inayogusa daima, oili iliyotiwa kwa ajili ya safari tu ambayo haikumwagwa. Kwa hiyo inua gurudumu la mbele, usukani uzunguke wenyewe toka upande hadi upande bila kukwama. Zungusha kila gurudumu kwa mkono ulisikilize. Na kabla ya kuondoka dukani dai oili mpya mbele ya macho yako.

Ama nyongeza za nyumbani, keria na kinga za miguu zichomelewazo na mafundi wetu kwa bomba na nondo, zinapimwa kwa mizani ile ile ya mshono, na wako mafundi katika wilaya hizi mbili ambao mshono wao unaushinda wa kiwandani. Keria njema hufungwa kwa nati kwenye matundu yaliyokwisha kuwapo, wala haichomelewi kwenye fremu, kwa sababu moto wa kuchomelea hulidhoofisha bomba jembamba pembeni mwa mshono, na baada ya miezi bomba hupasuka papo hapo. Fundi akikuambia kwamba kuchomelea kwenye fremu ni imara zaidi, mshukuru kwa adabu uende kwa mwingine.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kazi ya kutwa ya kuchukua abiria juu ya lami, chagua ya Kihindi ya kemshafti ya juu, nawe ulipe tofauti ya bei kwa moyo mweupe. Kwa mkulima wa Nyamwaga au Nata, ambaye fundi wake wa karibu ana bisibisi mbili na nyundo, ya Kichina yenye nasaba ya CG, ikiwa imeshinda mitihani ya mapezi, skrubu na mishono, ni mali bora kuliko mpinzani wake yeyote, na asikubali kudharauliwa kwa ajili yake. Uiendee asubuhi, injini ikiwa baridi. Piga kiki mwenyewe, usikie inavyopinga mguu. Moshi wa buluu ukitoka, usiendelee na maneno ya bei. Na mwisho wa yote, hasa kwa iliyoletwa kutoka upande wa mpaka, soma namba ya chesi iliyogongwa shingoni uilinganishe na iliyo katika kadi: zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, iache.