Rangi ya Wingu Katika Ramani

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mtu wa leo huitafuta dalili hiyo mahali pawili: huinua macho atazame mbingu, kisha huyainamisha atazame ramani ya hali ya hewa. Mbingu haina wa kulaumiwa, lakini ramani ina mchoraji. Basi ni haki yetu kumwuliza kwa nini amechagua rangi hii akaiacha ile.

Tuanze na mtindo wa zamani, ambao wataalamu wangali wakiutumia. Mpimaji huigawa mbingu yote katika sehemu nane, akakadiria ni thumuni ngapi zilizofunikwa na mawingu. Penye kituo chake katika ramani huchorwa duara dogo. Duara lisilo na wino maana yake mbingu safi. Lililojazwa nusu maana yake thumuni nne. Na lililo jeusi lote maana yake mbingu imefunikwa kabisa. Mtindo huu ni mkavu, lakini ni mwaminifu: wino huongezeka kadiri mawingu yanavyoongezeka.

Tarehe 1 Aprili, 1960, Marekani ilirusha satelaiti iitwayo TIROS-1, na picha zake zikaonyesha mawingu kutoka juu. Hapo fumbo likazaliwa. Sisi tulio chini huliona wingu zito kuwa jeusi, kwa sababu linaukinga mwanga wa jua usitufikie. Satelaiti huliona wingu lile lile kuwa jeupe, kwa sababu linaurudisha mwanga huo juu. Nyeusi ni kweli, na nyeupe ni kweli. Upotovu huingia pale mchoraji asipomjulisha msomaji amesimama wapi. Tena karatasi yenyewe ni nyeupe: wingu jeupe juu yake halionekani. Kwa hiyo wingu jeupe lataka nchi na bahari zilizopakwa rangi ya kukoza. Juu ya karatasi tupu, rangi ya majivu yafaa zaidi.

Kosa kubwa kuliko hayo ni kuyapamba mawingu kwa rangi za upinde wa mvua pasipo maelezo. Picha nyingi za namna hii hazionyeshi wingi wa mawingu. Huonyesha baridi ya vilele vyake, iliyopimwa kwa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Na vilele vyenye baridi kali mara nyingi hupakwa nyekundu. Fikiri asubuhi ya Julai mjini Nairobi. Mawingu ya chini yametanda, jua limefichika, watu wamevaa masweta. Lakini kwa kuwa mawingu hayo yako karibu na ardhi, joto lake halitofautiani nayo sana, na ramani huenda ikayaacha bila rangi. Asomaye atadhani Nairobi kuna jua. Kinyume chake, utando mwembamba ulio juu sana waweza kupakwa rangi ya kutisha, wala usidondoshe hata tone. Mvuvi wa Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku huzamisha mashua, akishtushwa bure mara tatu na rangi nyekundu, mara ya nne hatashtuka. Na huenda hiyo ndiyo itakayomwangamiza.

Tusiwadhulumu wachoraji. Rangi nyingi humsaidia mtaalamu kutenga tofauti ndogo ambazo kijivu huzificha. Ila manjano, ing'aayo kupita zote, ikiwekwa katikati ya orodha huyavuta macho pasipo na jambo kubwa. Na wako watu, wengi wao wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwao ramani hiyo ni barua iliyofutwa nusu.

Hukumu yangu ni hii: jambo lizidilo kidogo kidogo lionyeshwe kwa rangi izidiyo kidogo kidogo, nyekundu itunzwe kwa hatari iliyothibitika, na ufunguo wa rangi uandikwe wazi pembeni. Nawe msomaji, ukipewa ramani, soma ufunguo wake kwanza. Halafu toka nje, utazame juu.