Mlinzi wa Siku Moja

Waangalizi wa uchaguzi wakitumwa nchi za watu, sisi kanisani huwaombea, na ni vema. Lakini kazi yao tuipime kwa yaliyotokea kwa jirani zetu.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuwapo, wakasema wazi kuwa ujumlishaji wa kura za urais ulikuwa na kasoro. Walisema kweli. Hata hivyo, tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliokufa nchi nzima walizidi 1,000.

Chuki ya ardhi katika Bonde la Ufa, iliyokwisha kumwaga damu mwaka 1992, haionekani kwenye fomu ya kituo cha kura. Wa kuiona alikuwa mchungaji wa palepale. Naye? Februari 2008 Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande za kisiasa. Hilo latuuma kuliko kasoro ya kura. Mlinzi wa Ezekieli 33 huchaguliwa na watu wa nchi yake, kutoka miongoni mwao.

Kofi Annan, Mzee wetu Mkapa na Graça Machel walikaa Nairobi wiki kadhaa, hadi mapatano ya 28 Februari.

Hapa Bagara Wairaqw, Wagorowa na Warangi huketi benchi moja. Mwangalizi akija, na aje kabla ya kampeni, aanze kwa kusikiliza mahubiri yetu.