Fomula Ipi ya Figo kwa Mgonjwa wa Moyo?

Kasi ya figo kuchuja damu haipimiki kwa urahisi. Kipimo halisi huhitaji mgonjwa adungwe dutu kama inulini au ioheksoli, kisha ifuatiliwe kwa saa kadhaa jinsi inavyoondoka mwilini. Kliniki ya moyo yenye foleni haina muda huo, hivyo hupimwa kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, na fomula ikaigeuza kuwa makadirio. Fomula hizo ni kadhaa, na majibu yake huweza kupishana kiasi cha kubadili dozi ya dawa.

Kongwe kati ya zinazotumika sana ni ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976. Umri hutolewa kwenye 140, tofauti ikazidishwa kwa uzito wa kilo, kisha ikagawanywa kwa kreatinini (miligramu kwa desilita) iliyozidishwa kwa 72. Kwa mwanamke, jibu huzidishwa tena kwa 0.85. Fomula ilijengwa juu ya wagonjwa 249, wote wanaume; hiyo 0.85 ilikuwa dhana tu kwamba mwanamke ana misuli kidogo zaidi. Mwaka 1999 ikaja MDRD, iliyotokana na wagonjwa wa figo na hivyo hupunja wenye figo nzima. CKD-EPI ya 2009, iliyorekebishwa 2021, ilipunguza kasoro hiyo, nayo ndiyo maabara nyingi huichapisha sasa kwenye majibu.

Kwa usahihi wa makadirio, CKD-EPI inashinda. Hata hivyo Cockcroft-Gault haijastaafu, na sababu iko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda wanazopewa wenye mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Majaribio makubwa ya dawa hizo, kama RE-LY ya dabigatran na ROCKET AF ya rivaroxaban, yalichuja wagonjwa kwa fomula hiyo kongwe, na mipaka ya dozi ikaandikwa kwa kipimo chake. Anayetumia fomula nyingine hutumia mpaka ambao haukujaribiwa.

Mfano ni bibi wa miaka 80, kilo 45, urefu sentimita 150, kreatinini 1.0 (mikromoli 88 kwa lita). CKD-EPI ya 2021 humpa 57. Cockcroft-Gault humpa mililita 32 kwa dakika. Rivaroxaban hupunguzwa kutoka miligramu 20 hadi 15 pale kipimo kinaposhuka chini ya 50. Kwa namba ya kwanza angepewa dozi kamili, kwa ya pili iliyopunguzwa. Sehemu ya pengo hilo inatokana na CKD-EPI kutoa jibu kana kwamba kila mtu ana eneo la mwili la mita za mraba 1.73. Bibi huyu ana takriban 1.37, na akihesabiwa kwa eneo lake mwenyewe, 57 inakuwa 45. Hesabu hii ndogo husahaulika mno, ingawa kwa mtu mwembamba sana au mnene sana ndiyo yenye uzito.

Uzito nao una mtego wake. Moyo ukishindwa kufanya kazi na maji yakamjaa bibi huyo hadi kilo 53, Cockcroft-Gault itapanda hadi karibu 38, ilhali figo hazijapata nafuu yoyote. Uzito unaofaa ni wa baada ya maji kutolewa.

Dawa za kushindwa kwa moyo zina historia nyingine. Majaribio ya DAPA-HF ya dapagliflozin na EMPEROR-Reduced ya empagliflozin yalitumia CKD-EPI, yakipokea wagonjwa wa kuanzia 30 na 20 kwa mpangilio huo. Hapo kurudi kwenye Cockcroft-Gault ni kosa lile lile, ila limegeuzwa upande.

Fomula zote za kreatinini zina udhaifu mmoja: mgonjwa wa moyo aliyekonda na kupoteza misuli huzalisha kreatinini kidogo, na figo zake huonekana nzima kuliko zilivyo. Sistatini C, protini ya damu inayoweza kupimwa badala ya kreatinini, haitegemei misuli kiasi hicho, japo huvurugwa na dawa za steroidi, matatizo ya tezi ya shingo na unene. Fomula inayounganisha viwili hivyo kwa kawaida hukaribia ukweli zaidi. Barani Afrika jambo hili si la pembeni. Utafiti wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda uliochapishwa 2022, uliotumia ioheksoli kama kipimo cha kweli, ulionyesha kuwa fomula za kreatinini zilikadiria figo juu kupita uhalisia. Kigezo cha rangi ya ngozi, ambacho katika CKD-EPI ya 2009 jibu la mtu mweusi lilizidishwa nacho kwa 1.159, kiliongeza kosa. Toleo la 2021 limekiondoa.

Mgonjwa aliyelazwa kwa kuzidiwa, ambaye kreatinini yake hubadilika kila siku, hafai fomula yoyote, kwa kuwa zote huchukulia kuwa kiwango kimetulia. Kwake hutazamwa mwelekeo wa kreatinini na wingi wa mkojo, na dozi hukokotolewa upya namba zikishatulia.